Siyo kila polishi ni nta, muulize mjomba wangu

Wiki iliyopita tuliongelea namna ya kupiga pasi suruali ya kitambaa bila kuiachia mng'aro magotini, na wale mlionisimamisha mtaani kunipa shukrani nimewasikia. Wiki hii tunatoka chumbani na kuingia uani, pale linapopaki gari.

Najua kuna mtu ameshaanza kufunua ukurasa wa pili huku akisema, "Gari lenyewe liko wapi?" Tulia, mshikaji. Hata mimi ninayeandika sina gari, usafiri wangu ni daladala na miguu. Lakini nani hajawahi kuazima gari la mtu? Nani hajawahi kutumwa kuosha gari la dingi, la anko au la shemeji? Siku hiyo ukiwa umelishika gari la watu ndipo utakapojua kwamba rangi ya gari haina msalie mtume. Ukiikwangua imekwenda, hairudi kwa kuomba radhi.

Mimi yamenikuta. Na nakuhadithia siyo kwa sababu napenda kuanika aibu zangu gazetini, bali kwa sababu kosa lenyewe lilitokana na neno moja tu ambalo mitaani tunalitumia kila siku bila kulifikiria. Neno lenyewe ni polishi.

GARI LILILOMLETA

Naishi Magomeni kwa mjomba wangu. Mjomba alikuwa dereva wa shirika moja la umma kwa miaka mingi, na alipopunguzwa kazini mwaka 2003 akapewa mafao yake. Watu wenye akili zao wakamshauri ajenge vyumba vya kupangisha. Yeye akasema ameendesha magari ya wenzake ujana wake wote, sasa anataka kuendesha la kwake. Akanunua Toyota Corolla ya mwaka 1994, mtumba wa Japani, rangi nyekundu ya kuwaka.

Mwaka uliofuata mkewe alijifungua binti, na Corolla hiyo ndiyo iliyokwenda kuwachukua hospitali. Mama wa binti huyo sasa ni marehemu. Binti mwenyewe namwita dada, ingawa amenizidi miezi michache tu, na miezi miwili iliyopita alikuwa anaolewa.

Unajua tena vikao vya harusi vya mjini. Kamati ilishapanga kukodi gari kubwa jeusi, lile lenye vioo vya giza, la kumpeleka bibi harusi ukumbini. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasimama.

"Corolla ndiyo iliyomleta nyumbani akiwa na siku tatu," akasema. "Ndiyo itakayomtoa."

Kikao kizima kimya. Aliyetabasamu ni mweka hazina peke yake, maana hela ya kukodi gari ilikuwa imeokoka.

Tatizo ni kwamba ile Corolla ya kuwaka haikuwa ikiwaka tena. Zaidi ya miaka 20 ya jua la Dar na chumvi ya bahari ilikuwa imeifanya boneti na paa vipauke, nyekundu ikageuka waridi ya vumbi, mfano wa punje ya ubuyu iliyokwisha kunyonywa. Siku ya Jumanne, harusi ikiwa ni Jumamosi, mjomba akaniita, akanikabidhi Sh 60,000.

"Mpwa wangu, lipeleke kwa wale wanaong'arisha magari. Wakalipige polishi lifanane na shughuli."

MAHESABU YA MJANJA

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa karibu yangu. Nikajiuliza, kung'arisha gari ni kazi ya kumlipa mtu Sh 60,000 kweli? Si ni kupaka na kufuta tu kama kiatu? Mimi nikifanya mwenyewe, chenji inabaki kwangu, na miguuni sina cha maana cha kuvaa siku ya shughuli.

Basi nikaenda mpaka kwenye foleni pale kwenye taa, nikakutana na machinga mmoja amepanga makopo mkononi. Nikamuuliza, "Hii polishi?" Akajibu, "Polishi kali hiyo bosi, inatoa mpaka mikwaruzo!" Sh 8,000. Nikachukua. Toka hapo moja kwa moja hadi Karume, nikajipatia viatu vya ngozi vya mtumba vya Sh 40,000, vyeusi, vyenye ncha, vinavyogonga sakafu kwa heshima. Nikabaki na Sh 12,000 mfukoni na roho yangu nyeupe kabisa.

Naomba uzingatie, yule machinga hakunidanganya. Nimemuuliza polishi, akaniuzia polishi. Aliyekuwa hajui anachokitaka ni mimi.

Jumatano mjomba akaenda Mbezi Luis kupokea wageni wa harusi waliokuwa wakiingia kwa basi kutoka Singida. Mimi nikabaki na gari uani, saa sita mchana, jua la utosi. Nikaliosha kwa sabuni ya unga, ndoo moja, fulana kuukuu. Halafu nikafungua kopo, nikachota, nikaanza boneti. Nikasugua kwa nguvu zote za mtu mwenye viatu vipya.

Kitambaa kikaanza kuwa chekundu. Nikafurahi! Nikajiambia, cheki uchafu huo unavyotoka, hili ni vumbi la Singida, mjomba alikwenda huko msibani juzijuzi. Nikaongeza dawa, nikaongeza nguvu. Pale kwenye pembe ya mbele ya boneti, upande wa dereva, nikaona sehemu imeingia rangi ya kijivu. Nikadhani ni uchafu uliogoma. Nikasugua zaidi. Kijivu kikazidi kupanuka, mpaka kikafika ukubwa wa kiganja.

Ndipo nikaelewa. Ile nyekundu kwenye kitambaa haikuwa vumbi la Singida wala la wapi. Ilikuwa gari la mjomba. Na kile kijivu kilikuwa praima.

Mjomba aliporudi na wageni aliwakaribisha ndani kwanza, akahakikisha wamepata maji ya kunywa, halafu akatoka peke yake. Akalizunguka gari mara moja. Akasimama kwenye ile pembe.

"Ulilipeleka wapi?"

"Hapahapa, mjomba."

"Na pesa?"

Sikujibu. Nikatazama chini, na chini nilikokuwa natazama kulikuwa na viatu. Naye akavitazama.

"Mpwa wangu," akasema, "ungeniomba hela ya viatu ningekupa."

Akaingia ndani. Hakuongeza neno. Nakwambia ukweli, bora angenichapa.

SOMO LA FUNDI

Usiku ule sikulala. Alfajiri ya Alhamisi nikarudisha vile viatu Karume, jamaa akavinunua tena kwa Sh 25,000 huku akicheka. Nikajumlisha na ile Sh 12,000, nikaomba funguo kwa adabu zote, na kwa kuwa leseni sina, jirani mmoja dereva wa teksi akaniendeshea mpaka Mwananyamala kwa mzee mmoja fundi rangi wa siku nyingi.

Yule mzee alilichukua lile kopo langu, akatia kidole, akachota kidogo, akasaga kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Sikia mwenyewe," akaniambia.

Nikasaga. Kulikuwa na kitu kama mchanga laini sana ndani yake.

"Kijana, hii ni msasa uliotiwa kwenye mafuta. Hii ndiyo kompaundi. Kazi yake ni kukwangua. Wewe ulikuwa unataka kung'arisha na kulinda, ukaenda kukwangua mpaka mfupa."

Hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza, na ndilo nililotaka kukuletea leo. Kalamu mkononi.

Kwetu mitaani chochote cha kopo kinachopakwa kwenye gari ni polishi. Kumbe ndani ya jina hilo moja mna vitu viwili vyenye tabia za kupingana. Kuna kinachoondoa na kuna kinachoongeza. Kompaundi na polishi yenyewe huondoa, yaani zinakwangua tabaka jembamba la juu la rangi ili mikwaruzo na kupauka viondoke. Kompaundi inakwangua sana, polishi laini inakwangua kidogo. Nta yenyewe haikwangui kitu, inaongeza utando juu ya rangi. Maji yanateleza, vumbi halishiki sana, na kinyesi cha ndege kinakutana na nta kabla hakijakutana na rangi.

Kwa hiyo nta haiponyi. Rangi iliyopauka ukiipaka nta itapendeza kwa siku chache kama uso uliopakwa mafuta, lakini ugonjwa upo palepale. Na polishi hailindi. Gari lililopigwa polishi likaachwa bila nta ni sawa na mtu aliyeoga akatoka bila nguo.

Sasa kwa nini uogope kukwangua? Kwa sababu rangi ya gari ni nyembamba kuliko unavyodhani. Ukichukua praima, rangi na kila kitu, rangi ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita au kuzidi kidogo, yaani karibu sawa na karatasi moja ya kupigia chapa. Na kwenye kona na mikunjo ya bati ndipo inapokuwa nyembamba zaidi. Mimi nilianzia wapi? Kwenye kona.

Halafu kuna jambo la kitambaa. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la juu lisilo na rangi, mfano wa kioo, ambalo mafundi wanaliita kilia. Lakini magari mengi ya zamani yenye rangi kavu isiyo na chenga, hasa nyeupe na nyekundu, hayana tabaka hilo. Rangi iko juu peke yake inapambana na jua. Kulijua gari lako ni rahisi. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi laini kidogo, sugua polepole mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya mlango. Kitambaa kikibaki cheupe, kilia ipo. Kikitoka na rangi ya gari, huna kilia, na kila unaposugua unatoa rangi yenyewe. Mimi gari lilikuwa linanipigia kelele kwa kitambaa chekundu, nami nikalijibu kwa kuongeza nguvu.

KUCHAGUA KOPO

Haya, umeshajua unachokitaka ni nta. Dukani utachagua vipi?

Kwanza soma nyuma ya kopo, siyo mbele. Mbele wanaandika sifa, nyuma wanaandika kazi. Ukiona maelezo yanasema inaondoa mikwaruzo au inarudisha rangi iliyopauka, jua ndani mna kitu cha kukwangua hata kama limeandikwa nta kwa herufi kubwa. Zipo nta za mchanganyiko wa namna hiyo, na kwa gari kuukuu zinaweza kufaa, ila uzitumie ukijua na kwa mkono mwepesi. Kama unaweza kufungua kopo, fanya kama yule mzee, saga kidogo kati ya vidole viwili.

Pili, jua inatoka wapi. Nta yenye sifa kubwa kwenye magari ni kanauba. Hii inatokana na mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, kwenye ukame na jua kali. Majani yake yanajipaka nta yenyewe ili maji yasipotee. Watu wanayakata, wanayakausha, wanayapukutisha ile nta. Inayeyuka kwenye joto la nyuzi 80 na kitu, wakati nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu, ndiyo maana boneti yenye joto haiishindi upesi. Kanauba tupu ni ngumu kama jiwe, haipakiki. Kwa hiyo kopo linalosema kanauba asilimia 100 lina maana kwamba nta iliyomo ni ya kanauba, siyo kwamba kopo zima ni kanauba. Lazima ichanganywe na mafuta na vimiminika vingine.

Tatu, ipo nta ya kiwandani ambayo haitokani na mti wowote bali imetengenezwa kwa kemikali. Hii kwa kawaida hudumu zaidi. Kanauba kwa jua letu hesabu wiki kadhaa mpaka miezi miwili hivi, ya kiwandani inaweza kwenda miezi kadhaa. Wapenzi wa magari wanasema kanauba inaipa rangi nyekundu na nyeusi kina kizuri zaidi. Mimi nakwambia kwa gari la kila siku chukua yoyote unayoimudu, mradi utaipaka vizuri. Kuna na hii ya seramiki, lakini hiyo ni ngumu sana ikishakauka vibaya, usijifunzie kwenye gari la mjomba.

Umbo la kopo nalo lisikusumbue. Ya kugandamana inapakwa kwa sponji na inachukua muda, ya maji ni rahisi kupaka, ya kupuliza ni ya haraka lakini mara nyingi inawahi kuisha.

SIKU YA KUPAKA

Turudi Mwananyamala. Mzee alikubali ile Sh 37,000 yangu kwa shingo upande, akachanganya rangi mpaka ikakaribiana na ile iliyopauka, akaipulizia ile pembe. Boneti nzima na paa akanifundisha kuvisugua kwa polishi laini, kwa mkono, polepole, mbali na kona. Kisha akanipa onyo.

"Kiraka hiki usikipake nta mpaka mwezi mzima upite. Rangi mbichi bado inapumua. Ukiifunika sasa hivi, utaifungia mvuke ndani."

Nta akanimegea kwenye kopo lake mwenyewe, ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Ijumaa asubuhi saa kumi na mbili nikaanza kazi, safari hii kwa utaratibu, nawe ufuate hivihivi.

Osha gari kwanza, na siyo kwa sabuni ya unga. Sabuni ya unga ni kali, imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, itaondoa nta ya zamani na kukausha mipira. Tumia shampuu ya gari. Mwaga maji kwanza mchanga uondoke, kisha tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa, la sivyo utakuwa unasugua gari kwa mchanga uleule. Anzia juu ushuke chini, magurudumu mwisho na kitambaa chake. Kama maji ya kwenu ni ya kisima cha chumvi, usiache yakaukie kwenye gari, yatakuachia madoa meupe. Kausha upesi kwa taulo laini, hasa za maikrofaiba.

Ukishakausha, vaa mfuko wa nailoni mkononi upapase boneti. Ukisikia chengachenga, kuna uchafu ulionasa kwenye rangi. Unaondolewa kwa ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza nao juu ya maji yenye sabuni bila kukandamiza. Ukipapasa ukasikia kama kioo, songa mbele.

Kivuli ni lazima. Weka kiganja kwenye bati, kama limeshika joto, subiri. Nta ikipakwa kwenye bati la moto inakaukia palepale na kukuachia kazi ya kukwangua. Lakini usikimbilie chini ya mwembe wala mkungu, utomvu na kunguru watakumaliza. Kunguru hawa wa Dar asili yao ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na toka hapo ni kama wana ugomvi na kila gari lililooshwa. Kinyesi chao kina asidi, kikikaa juani kinakula rangi. Ukikikuta, kiloweshe kwa maji kilainike ndipo ukitoe, usikifute kikavu.

Plastiki nyeusi na mipira ya vioo izibe kwa ile tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, maana nta ikikaukia pale inaacha weupe mbaya.

Sasa paka. Chota kidogo kwa sponji laini, kidogo kuliko unavyotaka. Fanya sehemu moja moja, nusu ya boneti, halafu mlango, halafu madigadi. Utando uwe mwembamba mpaka uone kama umepuliza pumzi kwenye kioo. Nta nene hailindi zaidi, inakuchosha tu kuifuta. Hakuna haja ya kukandamiza, hapa hukwangui kitu.

Subiri iingie ukungu. Pitisha kidole mstari mmoja. Kidole kikiacha njia safi inayong'aa, imeiva. Kikiburuza utelezi, bado. Ila soma na kopo lako, kuna zinazotaka kufutwa mara moja. Kisha futa kwa taulo safi, geuza upande, futa tena. Taulo likianguka chini, limekufa hilo, chukua lingine, maana chembe moja ya mchanga inatosha kuchora boneti nzima.

Baada ya hapo maji ndiyo yatakayokupa taarifa. Mvua ikinyesha na matone yakasimama mviringo kama ushanga, nta ipo kazini. Yakitandaa bapa kama maji kwenye sakafu, muda umefika. Na wale vijana wa kuosha magari wanaotaka kupitisha dizeli kwenye bodi ing'ae, wakatalie kwa upole. Mng'aro wa dizeli ni wa siku moja, vumbi linashika kama sumaku na mipira inaharibika.

JUMAMOSI

Ijumaa jioni nilimaliza kila sehemu isipokuwa kile kiraka. Haikuwa kama mpya, nisikudanganye, lakini nyekundu ilikuwa imerudi nyumbani. Mjomba akaja na kurunzi, akamulika mlango, akaona sura yake, akanyamaza. Akamulika kiraka.

"Hapa mbona hujapaka?"

Nikamweleza habari ya mwezi mmoja. Akaitikia kwa kichwa, akaingia kulala.

Jumamosi wapambaji walifunga ua kubwa la utepe kwenye grili, nikawasimamia wasibandike tepu juu ya rangi mbichi. Ua likaegemea mbele ya pembe ile, na aliyekuwa hajui hakujua. Mjomba aliendesha mwenyewe, suti ya bluu, mikono miwili kwenye usukani kama siku ya mtihani wa leseni. Dada alikaa kiti cha nyuma, upande uleule ambao mama yake alikaa amempakata mwaka 2004. Hilo nilisimuliwa na mjomba mwenyewe baadaye.

Na mimi? Nilivaa viatu vya mjomba, vimenizidi namba moja, nikajaza karatasi puani. Karatasi zenyewe zilikuwa za gazeti hilihili unalolisoma, kwa hiyo usiseme safu hii haijawahi kumsaidia mtu kutembea.

Nilidhani habari imekwisha. Tangu siku ile mjomba hakunigusia tena, si pesa, si viatu, si boneti, nami kila nikipita pembeni ya gari nilikuwa natazama upande wa pili. Mpaka asubuhi moja ya Jumapili akanigongea mlango. Mkononi ana kopo jipya la nta, la kwake, amelinunua mwenyewe, na taulo mbili bado zimo kwenye nailoni.

"Mpwa wangu, amka," akasema. "Mwezi umetimia. Kile kiraka hakijapakwa."

Kumbe alikuwa anahesabu.

Nikatoka nje bila kunawa uso. Nikaweka kiganja kwenye boneti, bati lilikuwa la baridi. Nikachota kidogo.

Haya, kwa leo niishie hapo. Wiki ijayo, Mungu akitujalia uzima, tutaongelea namna ya kuazima suti ya mwenzako na kuirudisha ikiwa bado suti na yeye akiwa bado mwenzako. Mpaka hapo, ukiulizwa dukani unataka polishi, mjibu muuzaji kwa swali: ya kukwangua au ya kulinda? Kwaheri.